Samoni wa Ziwa Michigan na swali la mzee wa Kituku

Mwezi wa nane uliopita mdogo wangu, anayeishi Grand Rapids katika jimbo la Michigan huko Marekani, alinitumia picha ya samaki. Amemkumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Mgongo wa samaki ni wa kijani cha giza wenye madoa meusi, ubavu unang'aa kama sufuria mpya, na fizi zake ni nyeusi tititi. Chini ya picha ameandika: "Yaya, huyu ni samoni. Kilo tisa. Tulilipa boti itupeleke ziwani kuvua."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa na shughuli Kituku, hapa Goma, pale zinapotia nanga boti za Idjwi na Minova, nikawaonyesha watu picha ile. Mama anayeuza sambaza, visamaki vya Ziwa Kivu, aliuliza samaki huyo ameuzwa bei gani. Kijana aliyekuwa anashusha magunia ya makala alishangaa: inakuwaje mtu alipe pesa ili afanye kazi ya uvuvi? Na mzee mmoja, mvuvi wa sambaza tangu ujana wake, alishika simu kimya kwa muda, kisha akauliza: "Na huyu anakulaka nini?"

Maswali mawili ya kwanza nayajibu, maana watu wengi wanayauliza. Lakini swali la mzee ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Kuhusu bei: haiuzwi. Kule samaki aliyevuliwa kwa leseni ya burudani haruhusiwi kuuzwa. Anapelekwa nyumbani, anagandishwa au anakaushwa kwa moshi, na familia inamla. Michigan kwa kawaida inamruhusu kila mvuvi kuchukua samoni na trauti (samaki wa jamii ya samoni) watano kwa siku, basi. Tena idara za afya hutoa ushauri kuhusu kiasi cha kula, kwa sababu samaki wakubwa wenye umri hubeba ndani ya mafuta yao sumu za viwanda, hasa PCB, zilizomwagika majini miaka mingi iliyopita. Mama wa Kituku aliposikia hayo alirudisha macho kwenye beseni lake la sambaza, na mimi namuelewa.

Kuhusu kulipa ili uvue, inabidi kwanza uone ukubwa wa maji yenyewe. Ziwa letu la Kivu lina kilomita za mraba zipatazo 2,400. Ziwa Michigan lina kama 58,000, yaani Kivu zaidi ya ishirini. Ukisimama ufukweni Grand Haven, mji wa bandari wa jimbo la Michigan, huoni ng'ambo. Mtu mwenye fimbo moja ya kuvulia na mtumbwi mdogo anaweza kuzunguka wiki nzima asiguse samaki, maana samoni hakai mahali pamoja. Anafuata vitu viwili: chakula na baridi. Nahodha wa boti ya kukodi analipwa kwa sababu anajua baridi ilipo leo.

Katika miezi ya joto ya kule, kuanzia wa sita hadi wa tisa, maji ya ziwa hujigawa matabaka. Juu yanaweza kufika nyuzi 20 na zaidi. Chini kabisa yanakaribia nyuzi 4, kwa kuwa katika baridi hiyo ndipo maji matamu huwa mazito kuliko wakati wowote, yakatulia chini. Kati ya tabaka hizi kuna mpaka mwembamba ambamo ndani ya mita chache tu joto linaporomoka. Samoni mkubwa, yule anayeitwa chinuki, hupenda nyuzi 10 hadi 13 hivi, kwa hiyo huzurura karibu na mpaka huo. Trauti wa ziwa, ambaye ni mwenyeji wa asili, hupenda baridi kali zaidi na mara nyingi hukaa karibu na sakafu. Trauti wa upinde wa mvua hupanda juu, mbali na nchi kavu. Upepo ukisukuma maji ya juu kuyaondoa ufukweni, maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi, na samaki aliyekuwa mbali jana anakuwa karibu na bandari leo. Siku mbili baadaye upepo unageuka na kila kitu kinahama. Elimu ya namna hiyo haipatikani kwa mtu anayekuja ziwani mara moja kwa mwaka.

Boti yenyewe ina urefu wa mita tisa hadi kumi na moja, ina sona ya kuonyesha samaki na kina, na nahodha ana cheti cha Walinzi wa Pwani wa Marekani. Cheti cha kawaida kinamruhusu kuchukua abiria sita wanaolipa. Akitaka zaidi ya hapo, lazima chombo kikaguliwe na awe na cheti cha ngazi ya juu. Ndiyo sababu boti nyingi hubeba wageni sita tu hata nafasi ikiwepo. Bei ni mamia ya dola kwa asubuhi moja, wageni wanagawana, na mwishoni wanampa msaidizi wa nahodha bakshishi, maana ndiye anayefunga chambo, anayefungua mishipi iliyosokotana na anayepasua samaki bandarini.

Wanaondoka alfajiri. Hawatupi nanga na hawatumii nyavu. Boti inakwenda polepole, kilomita tatu hadi tano kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, huku ikikokota mishipi kumi au zaidi. Shida ni kufikisha chambo kwenye kina halisi. Kwa hiyo pembeni mwa boti kuna gurudumu lenye waya wa chuma, na mwishoni mwa waya tufe zito la kilo nne au tano. Mshipi wa fimbo hubanwa kwenye waya kwa kibanio, tufe linashushwa hadi mita 20 au 30, na chambo, mara nyingi kipande cha chuma kinachong'aa chenye umbo la kijiko, kinaogelea nyuma yake. Fimbo inabaki imepinda kama upinde uliovutwa. Samoni akikamata, mshipi unachomoka kwenye kibanio, fimbo inanyooka ghafla, halafu inainama tena hadi ncha inagusa maji. Hapo mgeni ambaye ni zamu yake anaruka kuishika. Mdogo wangu anasema alivutana na yule wa kilo tisa hadi mikono ikatetemeka, na kwamba samaki alimnyang'anya mshipi mara tatu alipokuwa amefika karibu kabisa na boti.

Kijana wa Kituku alisikiliza yote haya, akasema kwamba sasa anaelewa: kumbe wanalipia njia, samaki anakuja baadaye. Sikuweza kulisema vizuri zaidi.

Alichoingia nacho samoni

Sasa mzee. Swali lake lina jibu la neno moja: alewaifu. Ni samaki mdogo wa fedha wa ukoo wa heringi, urefu wa kiganja na zaidi kidogo. Lakini ukitaka kujua alewaifu alifikaje pale, na samoni naye alifikaje, utagundua kwamba wote wawili ni wageni, na ziwa lote unaloliona leo limepangwa upya na mikono ya watu.

Hapo zamani mfalme wa Ziwa Michigan alikuwa trauti wa ziwa. Maporomoko ya Niagara yalikuwa ukuta: kitu chochote cha baharini kilichopanda kutoka upande wa Ziwa Ontario kiliishia pale. Mwaka 1829 ulifunguliwa mfereji wa Welland, ili meli ziweze kuyazunguka maporomoko. Meli zikapita, na miaka mingi baadaye wakapita wengine wasioalikwa. Wa kwanza kuogopwa ni lamprei, kiumbe mrefu kama kambare mwembamba asiye na taya, mdomo wake duara umejaa meno kama tupa. Anajibandika ubavuni mwa samaki, anakwangua ngozi na kunyonya damu. Alionekana Ziwa Michigan mwaka 1936. Trauti walikuwa tayari wamevuliwa kupita kiasi, na miaka ya 1950 ilipokuwa katikati, katika ziwa lile walikuwa wamekwisha; waliopo leo wametokana na walioachiliwa upya baadaye.

Alewaifu alionekana huko mwaka 1949. Alikuta ziwa lisilo na mlaji mkubwa. Fikiria shamba la mahindi lisilo na nyani wala ndege. Alizaana hadi akawa sehemu kubwa ya uzito wote wa samaki ziwani, na mwaka 1967 wakafa kwa wingi usiohesabika, wakarundikana ufukweni kutoka Chicago hadi mwambao wa Michigan, wakizolewa kwa matingatinga. Watu walikimbia harufu.

Mambo mawili yaliokoa hali. Mwaka 1955 Marekani na Kanada zilianzisha tume ya pamoja ya uvuvi wa Maziwa Makuu yao. Watafiti walijaribu maelfu ya kemikali hadi wakapata moja, TFM, inayoua vifaranga vya lamprei ndani ya matope ya mito huku ikiwaacha samaki wengine wengi salama. Ilianza kutumika mwaka 1958, na kazi hiyo haijasimama hadi leo. Ikiachwa miaka michache tu, lamprei anarudi.

Jambo la pili ni la mtu mmoja mwenye ujasiri. Mwaka 1964 Howard Tanner aliwekwa kuongoza idara ya uvuvi ya jimbo la Michigan. Aliona alewaifu kama chakula kinachooza bila mlaji. Akaomba mayai ya samoni aina ya koho kutoka Oregon, upande wa bahari ya Pasifiki, yakatotoleshwa, na majira ya kuchipua ya 1966 vifaranga vikaachiliwa katika vijito vinavyoingia Ziwa Michigan, mto Platte ukiwa mmojawapo. Mwaka uliofuata waliachiliwa chinuki. Samoni hukumbuka harufu ya maji alikokulia. Akikomaa hurudi huko huko kutaga, kisha hufa. Kwa hiyo vuli ya 1967 koho walirudi mtoni wakubwa na wanene, na habari ikaenea nchi nzima. Watu walimiminika na vijiboti vidogo vya kuvulia mtoni. Mwezi wa tisa dhoruba iliwakuta ziwani na watu saba wakafa. Nadhani hapo ndipo thamani ya nahodha mwenye boti kubwa na cheti ilipoeleweka kwa wote.

Kwa hiyo samoni wa picha ni mjukuu wa mayai yaliyosafirishwa kwa ndege, aliyewekwa kula samaki aliyeingia bila ruhusa, katika ziwa lililofiwa na mwenyeji wake.

Na mpango huo ni mwepesi kuvunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 chinuki wengi wa Ziwa Michigan walikufa kwa ugonjwa wa figo unaoletwa na bakteria. Kisha wakaja kome wadogo kutoka upande wa Bahari Nyeusi na Kaspi, ndani ya maji ambayo meli hubeba matumboni ili zisiyumbe. Walianza kuonekana katika maziwa yale mwaka 1988. Aina ya pili, kwaga, imetandaza sakafu ya Ziwa Michigan. Kila kome huchuja maji usiku na mchana, akila mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Maji yamekuwa maangavu, na mgeni anayafurahia, lakini uangavu ule ni njaa: mimea midogo ikipungua, vijidudu vinavyoila vinapungua, alewaifu anakonda, na samoni anakosa.

Ziwa jirani, Huron, lilionyesha mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2003 na 2004 alewaifu wake waliporomoka, na chinuki wakafuata. Bandari ndogo ambazo ziliishi kwa wageni wa samoni zilibaki na boti zilizofungwa gatini. Watu wa Ziwa Michigan waliliona hilo, wakapunguza idadi ya vifaranga wanavyoachilia; mwaka 2013 walikata sana. Manahodha wengine walilalamika, kwani nani anataka samaki wachache? Lakini zaidi ya nusu ya chinuki wa ziwa lile siku hizi huzaliwa wenyewe mitoni, na kila mlaji mpya anakula kutoka sahani ile ile. Karibu kila mwaka, tangu 1973, meli ya utafiti hukokota wavu sakafuni mwa Ziwa Michigan kukadiria samaki wadogo waliobaki. Idadi ya samoni wa kuachiliwa huamuliwa baada ya kuuliza, kwa vipimo na hesabu, swali lile la mzee wa Kituku.

Upande wetu

Wakati Tanner hajaanza kazi yake, ziwa letu lilikuwa limeshapangwa upya. Kivu, ambalo volkeno za Virunga zililizibia njia yake ya kaskazini hadi likamwagikia kusini kupitia Ruzizi, lilikuwa na samaki wachache, aina zisizofika 30, na karibu wote walikaa kandokando. Katikati ya ziwa vijidudu vya majini vilielea bila samaki wa kuvila. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walileta vifaranga kutoka Tanganyika, aina mbili za jamii ya ndakala, yaani dagaa, ambazo ni za ukoo wa heringi. Moja haikushika. Nyingine ilishika, ikaenea ziwa zima, nasi tunaiita sambaza.

Ikafikia miaka ya 1980 ndipo uvuvi wake ukawa kazi kubwa: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, trimarani, taa juu ya maji, wavu chini ya taa, na nyimbo za wapiga makasia zinazosikika hadi nchi kavu. Wanatoka usiku kwa sababu sambaza hupanda kufuata vijidudu na mwanga, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina nguvu. Mzee anajua kusoma mwezi kama nahodha wa Grand Haven anavyosoma upepo. Naye sambaza hakuingia bure: mojawapo ya vijidudu vikubwa vya ziwa, dafnia, alitoweka baada ya kuja kwake.

Kuna watu, wasomi wakiwemo, wanaoniambia: tulete samoni au trauti Kivu, watalii watakuja na boti za kukodi. Naomba tuache wazo hilo. Trauti wanaishi Kenya tangu 1905, ni kweli, lakini katika vijito vya baridi vya milima ya Aberdare. Kivu juu ni vuguvugu, nyuzi 23 na zaidi. Na ukisema samaki ashuke kutafuta baridi, hataipata: chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni, maji yamejaa gesi ya kaboni na metani, na kadiri unavyoshuka joto linapanda tena, hadi nyuzi 26 karibu na sakafu, kina cha mita 485. Samoni angekuwa amebanwa katika tabaka jembamba la maji ya moto kwake, hana pa kukimbilia.

Na hata angepatikana mlaji mkubwa anayevumilia joto, angekula nini? Sambaza, chakula ambacho mtu wa kipato kidogo wa Goma na Bukavu anakimudu pamoja na bugali. Ziwa Viktoria lililetewa sangara miaka ya 1950, viwanda vikapata minofu ya kuuza nje, na mamia ya aina za samaki wadogo wakapotea. Sioni kwa nini turudie.

Tunachoweza kuchukua Michigan ni kitu kingine, na kinaniuma kwamba hatunacho. Kule, tangu sheria ya mwaka 1950, fimbo, ndoano na vifaa vya uvuvi hutozwa kodi, na pesa hiyo hurudi kwa majimbo kwa kazi ya samaki: kuhesabu, kutotolesha, kutunza mito. Leseni nayo hivyo hivyo. Mzee aliniambia kwamba naye hulipa anapotua na mavuno, lakini katika maisha yake yote hajaona mtu akija kumuuliza amevua kiasi gani. Walimu wa ISP ya Bukavu, chuo cha kufundisha walimu, wamelichunguza ziwa hili kwa miaka mingi, elimu ipo. Kinachokosekana ni njia ya pesa ya mvuvi kurudi majini. Ndiyo maana zinapokuja wiki za kufunga uvuvi ili sambaza wazae, wengi wanaona ni adhabu, na usiku mtu anateleza na wavu wa chandarua unaozoa hata vifaranga.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia picha nyingine. Kule bandarini, msaidizi wa nahodha akimpasua samoni, hufungua pia tumbo lake kuona alichokula, ili wajue kesho watumie chambo cha rangi na ukubwa gani. Juu ya ubao walikuwa wamepanga vilivyotoka tumboni: visamaki vya fedha, vimelazwa upande upande.

Nilimpelekea mzee. Aliisogeza simu karibu na macho.

"Si hizi ni sambaza?"

Nikamwambia ni ndugu zake, ukoo mmoja, mbali kidogo. Akazihesabu kwa ncha ya kidole, polepole, bila kugusa kioo. Saba.

"Basi mwaka huu wamekula," akasema, akanirudishia simu.